Kuzoa theluji: kiuno huuma, moyo huua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ili niwatahadharishe wasomaji wenu wanaoishi kwenye nchi za baridi kali kuhusu kazi ya kuzoa theluji, ambayo wengi huiona kuwa usumbufu mdogo wa asubuhi na ambayo maonyo yake kwa kawaida huishia kwenye utelezi na maumivu ya kiuno. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani za mwaka 1990 hadi 2006 ulionyesha kuwa watu wapatao 11,500 kwa wastani walitibiwa kila mwaka katika vitengo vya dharura kwa sababu ya kazi hiyo. Wenye matatizo ya moyo walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, lakini vifo vyote vilivyohesabiwa vilitoka kwao.

Baridi husababisha mishipa ya damu kusinyaa, shinikizo la damu likapanda kabla mtu hajagusa beleshi. Kisha hutumia zaidi mikono, ambayo huuchosha moyo upesi kuliko miguu, na kila anapoinua mzigo hubana pumzi bila kujitambua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, wanaume wenye afya lakini wasio na mazoea ya mazoezi walizoa theluji, na baada ya dakika 2 tu mapigo ya mioyo yao yakavuka kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mazoezi.

Kwa hiyo mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, na hata yule ambaye hajafanya kazi ya nguvu kwa miaka mingi, amwachie mwingine kazi hii, japo sisi wanaume tu wabishi mno katika jambo hili. Anayeizoa mwenyewe aanze theluji ingali nyembamba badala ya kungoja ikome kuanguka, aisukume kila inapowezekana, na inapobidi kuinua, achote kidogo, akunje magoti, kisha ageuze miguu badala ya kupinda kiuno. Beleshi pana halifai kitu likijazwa theluji yenye maji, ambayo uzito wake ni mara kadhaa ya ile kavu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lile tuta la theluji linaloachwa na greda la kusafisha barabara mbele ya njia ya kutokea gari. Limeshindiliwa, ni zito, na hufikiwa mwishoni, wakati mtu amekwisha kuchoka na anahofia kuchelewa kazini. Hapo ndipo pa kupumzika kwanza ndani, penye joto. Akisikia kifua kinabana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au pumzi ikikatika, aache beleshi na kupiga simu ya dharura papo hapo, bila kusubiri kuona kama yatapita.

Msomaji wenu