Malalamiko kuhusu miche ya beri na maneno ya mhudumu wenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

YAH: MICHE SITA YA BERI MLIYONIUZIA

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenye kaunta yenu.

Dhamana yenu mnaijua, sina haja ya kuinukuu. Jumanne nilikuja na mche mmoja wa bluberi uliokauka, ukiwa kwenye chungu chake na lebo yenu ikining'inia. Mhudumu hakuisoma. Aliuchokoa kwa ncha ya kalamu, gome likabanduka, akasema foleni nzima ikisikia: "Mama, kama bustani huiwezi, kanunue matunda sokoni."

Lebo inasema "kanda ya 3", yaani baridi ya hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa Vaccinium virgatum. Hiyo ni bluberi ya kusini mashariki mwa Marekani, haitegemewi baridi ikizidi nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwangu hufika 35. Niliwaambia hivyo siku ya kuagiza, na niliwaambia pia kwamba bustani yangu ni mita tatu kwa nne tu. Niliomba bluberi za aina ya Northblue au Northsky, zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota kwa baridi ya namna hii. Northsky ni fupi, theluji huifunika yote, na theluji hiyo ndiyo huikinga na upepo mkali. Mkasema mnazo "zinazofanana nazo".

Miche yote minne ya bluberi mliyonipa imekufa. Na msiseme ni udongo: mwaka mzima kabla ya kupanda niliuandaa kwa peti (mboji ya kinamasi) na salfa mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ikafika 4.8, kama bluberi itakavyo.

Haskapu mbili mlizoniletea, zile beri za buluu za nchi za baridi, hazikufa, lakini zote mbili ni za aina moja, Tundra! Ili izae, haskapu huhitaji mwenzake wa aina nyingine, asiye wa ukoo wa karibu, anayechanua wakati uleule. Maua yake huvumilia nyuzi 7 chini ya sifuri, basi baridi haina kosa. Misimu miwili zimechanua, nyuki wamekuja, nami nimeokota matunda ya kuhesabu kwa vidole.

Narudi kwa mhudumu, maana hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa bado sijafungua mdomo. Alichokoa mche wangu kwa kalamu kama anayechokoa taka, udongo ukamwagika kaunta, akanisogezea kitambaa nifute. Nikafuta. Ndipo akasema, "kanunue matunda sokoni," na mtu nyuma yangu akacheka. Mimi niliyeuhudumia mche ule kwa mikono yangu, nikaondoka bila hata kuonyesha risiti.

Nataka mnirudishie fedha za miche yote minne. La, za yote sita. Pia mniletee Northblue mbili, na haskapu moja ya ukoo mwingine inayochanua pamoja na Tundra, kwa gharama yenu. Na mhudumu yule aniombe radhi kwa maandishi, nawe uweke sahihi chini yake.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji, na kutoka hapo mahakamani. Lebo za uongo bado ziko rafuni kwenu, nimeziona Jumanne ileile. Mche uliokufa nimeuhifadhi, na lebo yake haijatoka.

Mimi,
Mteja wenu wa miaka sita