Malalamiko: mmenibadilishia shokapu, kumbe shida ni tairi za nyuma. Naomba 270,000 yangu

Kimara, Dar es Salaam
14 Mei

Ndugu Meneja wa gereji,

Habari za kazi. Mimi ni yule dada wa Toyota IST ya silva anayesambaza keki, vijana wako wananijua vizuri maana tangu masika ianze nimeingia hapo kwenu mara tatu, na mara zote tatu nimetoka na risiti mkononi na gari haijapona. Nimekaa nikasema ngoja niandike, maana nikija kuongea mdomo nitapandisha hasira na mteja mwenye hasira hasikilizwi.

Mara ya kwanza ilikuwa Machi mwanzoni. Tairi za mbele zilikuwa vipara, hilo silikatai, nikanunua mbili mpya hapo kwenu 130,000 moja, na mkanipigia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) ya miguu yote minne 50,000. Nilimuuliza kijana wenu, na za nyuma je? Akaziangalia amesimama, hata hakuinama, akasema "za nyuma bado nzima dada, kashata imejaa, utakuja mwakani", yaani yale meno ya tairi bado marefu. Nikafurahi bana, nani anapenda kununua tairi nne kwa mpigo.

Sasa ikaja ile Jumamosi ya mvua. Nina keki ya send-off ya ngazi tatu kwenye buti, natoka Mbezi Mwisho nakatiza Goba kwenda kutokea Tangi Bovu, barabara mnaijua, kupanda kushuka na kona. Kwenye mteremko mmoja hivi, wala sikuwa na mwendo, arobaini na kitu, nikaachia mafuta nikagusa breki kidogo huku naingia kona, nikasikia matako ya gari yanahama. Yaani mbele inanisikiliza vizuri kabisa ila nyuma inataka kunipita. Nikakata usukani upande uleule nyuma inakokwenda, ikarudi, ikatoka tena upande wa pili, ikarudi. Bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi kama gari la wagonjwa. Keki ngazi ya juu ililala kwenye kioo. Mteja nilimrudishia hela yake yote na hiyo siwadai, nimeimeza.

Jumatatu nikaja kwenu. Nikamweleza fundi vilevile nilivyoandika hapa, nyuma ndio inateleza, mbele haina shida, na kukiwa kukavu gari iko poa. Akabonyeza buti mara moja, akasema "hizi shokapu zimekufa mama". Shokapu mbili za nyuma 190,000, ufundi 30,000. Nikalipa. Wiki ileile ikanyesha, gari ileile, ugonjwa uleule, sema sasa inateleza huku imekaa juu kidogo. Nikarudi mara ya tatu, safari hii nikaambiwa bushi za arm za mbele, zile raba za kwenye vyuma vinavyoshika miguu, zimeisha ndio maana inayumba. Za mbele jamani! Mimi nalalamikia nyuma. Bushi na ufundi 70,000, na alaimenti nyingine ya miguu minne 50,000, na kijana mmoja akanijazia upepo akasema ameweka arobaini na mbili "ili tairi zisiliwe haraka".

Aliyenitibu hana hata jengo. Ni mzee wa pancha pale karibu na kwangu, ana kompresa, jeki mbili na benchi. Nilienda tu kupunguza upepo maana gari ilikuwa inadunda kama mpira. Kitu cha kwanza alifungua mlango wa dereva akanionyesha kibandiko kwenye nguzo, kimeandikwa 220, akasema hiyo ni kPa, kipimo kingine cha upepo, kwa geji zetu za PSI ni kama 32, sasa 42 nani kakwambia? Tairi ikijaa kupita kiasi inakanyaga kwa katikati tu, pembeni inaning'inia, na mshiko wake barabarani unapungua. Halafu akachuchumaa nyuma ya gari (hapo ndipo nilipogundua kwamba kwenu hakuna aliyewahi kuchuchumaa), akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa na mate, akaniita, "mwanangu njoo usome hapa". Nikasoma: STUDLESS. Na pembeni kwenye kiduara kirefu, tarakimu nne, 4012.

Mimi nilidhani ni jina la kampuni. Mzee akanifafanulia, hizi ni tairi za theluji, gari zikitoka Japani zile za mikoa ya baridi zinakuja nazo, na sisi tunaziona zina kashata nene tunashangilia. 4012 maana yake imetengenezwa wiki ya 40 ya mwaka 2012, jamani mtoto wangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa. Akanionyesha ule uso wa tairi, kila tofali la mpira limechanjwa vichanjo vyembamba vya kupindapinda, kama mtu aliyepigwa chale mwili mzima. Vile vichanjo kazi yake ni kung'ata barafu, na mpira wake unatengenezwa laini ili usikakamae kwenye baridi kali. Sasa Dar hapa usiku wa Julai ikishuka sana ni nyuzi 19 hivi na tunavaa masweta, barafu tunaionea kwenye friji. Kwenye lami ya moto yale matofali laini yanapindapinda badala ya kushika, na tairi likizeeka ule ulaini nao unaondoka. Alibonyeza ukucha kwenye tairi mpya ya mbele, ukaacha alama. Akabonyeza kwenye ya nyuma, ukucha ukagoma kama unabonyeza soli ya kiatu cha shule, na chini ya kashata kuna nyufa unaziona kwa macho.

Sasa ongeza na hili. IST inavutwa na miguu ya mbele, injini iko mbele, kwa hiyo za nyuma zinaisha polepole sana, ndio maana baada ya miaka yote hiyo kashata bado imejaa. Zimezeeka bila kuisha. Nyie mkaniwekea mpya mbele mkaacha hizo nyuma, na ukishuka mlima ukigusa breki uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na pale penye wepesi ndipo mmepaachia tairi mbovu. Ukinunua mbili tu, zile zenye kushika vizuri zinatakiwa kukaa nyuma, hata kwa gari inayovuta kwa mbele, maana mbele ikiteleza utapunguza mwendo na itarudi, nyuma ikiteleza wengi wetu hatuiwezi. Hili nyie wauza tairi mlitakiwa kunifundisha mimi, tena bure.

Nikamwambia mzee mimi nimeshachoka kuamini, nitajuaje? Akaniambia subiri. Akashusha upepo wote ukawa 32, akahamisha tairi mpya nyuma, zile za theluji akazileta mbele, elfu kumi. Akasema nenda barabara ileile, mvua ileile, nenda taratibu sana, ukiona ugonjwa umehama na tairi basi sio shokapu wala sio bushi. Nikaenda. Nyuma ikatulia tuli. Ila nikikata kona mbele inagoma, usukani umeugeuza na gari inataka kwenda moja kwa moja, kama punda. Ugonjwa ukawa umehama! Shokapu mpya zipo palepale, bushi mpya zipo palepale, kilichohama ni tairi tu. Kesho yake nikanunua mbili nyingine, kwingine, samahani, na masika yote iliyobaki nimepita Goba bila kushika moyo.

Kuhusu shokapu zangu za zamani, bahati nzuri vijana wenu walinirudishia kwenye boksi. Mzee alizisimamisha akazisukuma moja moja, zinashuka kwa uzito na kupanda polepole, hazina tone la oili. Zilikuwa nzima.

Na alaimenti. Karatasi za mashine yenu ninazo zote mbili. Angalieni safu ya nyuma, kabla na baada, namba ni zilezile mpaka ya mwisho, kwenye karatasi zote. Kwa sababu ekseli ya nyuma ya IST ni chuma kimoja, haina nati ya kurekebishia, mashine inapima tu. Lakini kwenye risiti mmeandika "mbele 25,000, nyuma 25,000". Hiyo nyuma mlirekebisha nini?

Ninachodai, na nimejitahidi kuwa muungwana. Tairi mbili za mbele sidai, ni nzuri. Bushi sidai, za zamani sikuziona na inawezekana kweli ziliisha. Nadai shokapu na ufundi wake 220,000 pamoja na ile alaimenti ya nyuma mara mbili 50,000, jumla 270,000. Shokapu zenu mkizitaka njooni mzifungue, mnirudishie zangu.

Nawapa siku kumi na nne kuanzia mtakapopokea hii. Mkikaa kimya nabeba risiti na karatasi za mashine naenda FCC, Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda na mlaji pia, na mimi nina muda, Jumatatu huwa sioki.

Nje ya hela, kuna gari ngapi hapo kwenu zimeondoka na STUDLESS nyuma? Hizi gari za Japani zimejaa mjini, na kusoma ubavu wa tairi haichukui hata dakika. Moja ya zile mbili za zamani sijaitupa, iko stoo kwangu na maandishi yake yanasomeka vizuri. Siku mkiniita kunirudishia hela nitakuja nayo, mumwonyeshe yule kijana.

Mteja wenu,
Dada wa keki, IST ya silva