Usikate simu

Goma, Jumapili jioni

Mama Riziki mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Riziki na watoto. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Juzi ulipopiga simu akapokea Baraka, ulisema "Alo? Alo? Rezo mbaya," ukakata. Dada yangu, rezo ya simu, huo mtandao, ilikuwa nzuri. Mtoto alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anahangaika na neno "jambo", na neno limekwama. Alinirudishia simu kimya akaenda kukaa nje juu ya mawe. Silengi kukulaumu. Mimi mama yake nimemfanyia hivyo hivyo miaka 4, tena tukitazamana uso kwa uso.

Unakumbuka mlipotupokea Bukavu mwisho wa Mei 2021, tuliposhuka kwenye boti na kifurushi kimoja. Baraka alikuwa na miaka 4, maneno yameanza kumkwama, na sote tukasema ni woga wa usiku ule wa tarehe 22, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na anga likawa jekundu. Niliishikilia sababu hiyo kwa sababu ilinipa pa kutupia uchungu wangu. Lakini baba yangu mdogo naye alikuwa na kigugumizi mpaka tukamzika, na hakuna aliyewahi kuuliza mlima ulimfanya nini. Mama mmoja anayesaidia watoto wa namna hii alinieleza kwamba mara nyingi jambo hili hufuata ukoo, na kwa kawaida huanza mtoto akiwa kati ya miaka 2 na 5. Karibu mtoto 1 kati ya 20 hulipitia, na wengi huwaacha lenyewe. Wanaobaki nalo wakiwa watu wazima ni kama 1 kati ya 100, wanaume wengi kuliko wanawake. Malezi hayaleti kigugumizi, wala akili ya mtoto haina upungufu. Na mimi nilikuwa nimeshasikiliza ushauri wa shemeji mmoja kwamba nimshtue kwa kofi. Mungu anisamehe, nilimpiga mara moja.

Kilichonifungua macho ni siku aliyorudi shuleni anatetemeka, anasema "Mwa... mwa..." Nilikuwa nasonga fufu, sina nafasi. Nikamalizia: "Mwalimu amekupiga?" Akatikisa kichwa kukubali. Asubuhi nikaenda shuleni nimejifunga kitenge kwa vita. Mwalimu alinitazama tu kwa mshangao. Alikuwa amemchagua Baraka aseme shairi mbele ya wazazi siku ya kutangaza matokeo! Mtoto alikuwa ameleta habari ya furaha, na kwa kuwa sentensi yangu ilikuwa nyepesi kuliko yake, akaichukua yangu. Tangu siku hiyo najiuliza ni mara ngapi amenikubalia mambo ambayo hakuyasema.

Na sisi watu wa Goma tunajisifu kwa kuvumilia. Robine ya maji ikikauka, napanga bidoni zangu kwenye mstari tangu saa kumi na moja alfajiri, nasimama saa tatu nzima na kupiga soga na majirani. Umeme ukikatika siku 2, nashona kwa mkono. Nimesubiri sana maishani, lakini kwa vitu ambavyo sina nguvu juu yake. Kwa mtoto wangu nilikuwa na nguvu ya kumkatiza, nami niliitumia. Sikujua kwamba huo nao ni ukosefu wa subira, niliuita msaada.

Yule mama alinifundisha mambo machache. Nisimalizie neno lake hata nikilijua. Nisimwambie "pumua" wala "sema polepole", maana humwonyesha tu kwamba nimeona anavyokwama. Niongee taratibu mimi mwenyewe, nimtazame machoni, nisubiri. Jioni ya kwanza nilihesabu moyoni mpaka 14. Utaona ni kidogo. Jaribu kuhesabu 14 huku mtoto wako anafumba macho na shingo inakakamaa! Mikono yangu ilikuwa inataka kumvuta lile neno kinywani. Nilikamata ncha ya kitenge nikakaa hivyo. Lilipotoka, lilifuatwa na mengine, akanisimulia habari ya mbuzi wa jirani mpaka makaa yakafa jikoni. Sikujua mwanangu anapenda kusimulia.

Si kila siku naweza. Wiki iliyopita wateja 3 walinidai nguo zao siku moja, na nikamfokea: "Sema basi!" Akanyamaza mpaka kesho yake. Nilimwomba msamaha, jambo ambalo mama yangu asingelielewa kabisa.

Akiimba na watoto kanisani hakwami hata kidogo, na shairi analifanyia mazoezi kila jioni akiwa anatembeatembea uani. Mstari wa tatu bado unamsumbua. Hatutaki aubadilishe.

Sasa ombi langu. Jumapili ijayo saa kumi, baada ya ibada, tutakupigia sisi, na atakayesema kwanza ni yeye. Unite za kupigia simu nimeshaweka za kutosha. Ukisikia kimya, ujue yupo. Usiseme "alo, alo".

Msalimie Riziki sana.

Rafiki yako,
Mama Baraka