Msimtoe mtoto mnene uwanjani eti akasome hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki ya tatu sasa na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimewakosea watoto wengi sio wangu tu.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka 9, ni mnene. Nalisema wazi maana shuleni wanamwita bonge na yeye mwenyewe anajua. Muhula huu hesabu zimemshinda, nikaitwa shule tukakaa mimi na mwalimu wake wa darasa na mwalimu wa taaluma, wakanionyesha madaftari, na kweli hali sio nzuri. Mtoto anaanza swali vizuri akifika katikati anaacha, anaruka hatua, au anaandika jibu kabla hajasoma swali mpaka mwisho. Ushauri wao ukawa atolewe kwenye kipindi cha michezo awe anabaki darasani na maswali ya ziada, kwanza huko uwanjani wakaniambia hachezi, anakaa tu. Nikauliza anakaa vipi? Nikajibiwa huwa anawashikia wenzake mashati na viatu. Yaani mwaka mzima wenzake wakienda kucheza kazi ya mwanangu ni kulinda viatu, na hakuna aliyeona hilo nalo ni tatizo la kumwitia mzazi.

Sina ugomvi na walimu, nawaheshimu, wana watoto wengi na wanataka wafaulu, na ushauri wao ndio huo huo hata mimi ningemshauri mzazi mwenzangu mwaka jana. Lakini nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, na nilichokikuta kinaenda kinyume kabisa na kile tulichokubaliana pale ofisini.

Kuna utafiti ulifanyika Augusta, jimbo la Georgia, Marekani, ukatolewa mwaka 2011, ukiongozwa na mtafiti anaitwa Catherine Davis. Walichukua watoto 171 wa miaka 7 hadi 11, wote uzito umezidi na wote sio watu wa mazoezi, kama wa kwangu kabisa. Wakawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu: wengine walibaki na maisha yao kama kawaida, wengine wakapewa dakika 20 za mazoezi kila siku ya shule, na wengine dakika 40. Hiyo ilienda kama wiki 13 hivi, yaani muhula mmoja tu. Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kijeshi, ilikuwa kukimbizana, kuruka kamba, mpira wa miguu na wa kikapu uliorahisishwa, mtoto anafurahi anahema, moyo unapiga zaidi ya mara 150 kwa dakika. Hakuna aliyekuwa anaangalia nani bingwa nani wa mwisho.

Mwisho wakawapima akili na masomo. Wale waliofanya mazoezi walipanda kwenye uwezo wa kupanga, na waliofanya dakika 40 walipata faida zaidi ya wale wa dakika 20. Wakapanda pia kwenye hesabu, na hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili, kwasababu kwenye hiyo programu hakuna mtu aliyewafundisha hesabu hata moja! Kusoma hakukubadilika, nalisema hilo ili nisionekane natia chumvi. Na baadhi yao walipopigwa picha za ubongo kwa MRI ilionekana ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inafanya kazi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakufanya mazoezi.

Sasa hiyo sehemu ya mbele ndiyo inayomwezesha mtu kusubiri kabla ya kujibu, kukumbuka hatua ya kwanza wakati yuko ya tatu, kuacha njia isiyofanya kazi akajaribu nyingine. Nikachukua tena daftari la mwanangu nikaliangalia kwa jicho hilo. Kuzidisha anajua, ukimuuliza kwa mdomo anakujibu. Kinachomshinda ni kutulia na swali mpaka liishe. Kwahiyo tulikuwa tunataka kumnyima dawa ili tumwongezee ugonjwa, tumkalishe kwenye kiti zaidi wakati kukaa sana ni sehemu ya shida yenyewe.

Na huo sio utafiti peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois wakiwa na Charles Hillman waliwatembeza watoto kwenye mashine kwa dakika 20 tu, kutembea sio kukimbia, na baada ya hapo watoto walikuwa makini zaidi na wakafanya vizuri kwenye jaribio la kuelewa walichosoma kuliko siku walipokaa wametulia. Mwaka 2022 ukatoka mwingine kutoka Granada, Hispania, watoto 109 wenye uzito uliozidi, wiki 20 za mazoezi, nao akili zao zilipanda ukilinganisha na wenzao, ingawa huo wa Hispania picha za ubongo hazikuonyesha mabadiliko yoyote. Kwahiyo wataalamu bado wanatafuta ni njia gani hasa mazoezi yanapitia mpaka kufika kwenye akili, kama ni damu kwenda kwa wingi, kama ni zile protini zinazolisha seli za ubongo, au vyote kwa pamoja. Mimi kama mzazi sihitaji kusubiri wamalize kubishana, kumruhusu mtoto acheze hakuna hasara yoyote.

Jambo lingine ambalo nataka wazazi wenzangu walisikie vizuri. Nikimwambia mtu mwanangu ameanza mazoezi swali la kwanza ni "amepungua kilo ngapi?" Jamani tuache. Mtoto anakua, mizani inaweza isishuke kabisa na bado ndani ya mwili kuna mambo makubwa yanatokea. Hao hao watafiti wa Georgia mwaka 2012 walionyesha kwamba mazoezi ya namna ile, dakika 20 au 40, yanapunguza mafuta yaliyojificha tumboni na kuusaidia mwili kuitumia vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari mwilini. Ukimwambia mtoto akimbie ili apungue unamwambia mwili wake ni kosa, na siku mizani isiposogea ataacha. Mwambie akimbie kwa sababu kukimbia ni raha, na kwa sababu kichwa kinafunguka.

Na walimu wangu wa michezo, nyinyi ndio nawaomba zaidi ya wote. Mtoto mnene akiwa wa mwisho mara tatu mbele ya darasa zima wakacheka, mara ya nne atasema tumbo linamuuma, ya tano atajitolea kulinda viatu na nyinyi mtaona ni hiari yake. Sio hiari. Mpeni mchezo ambao hakuna anayetolewa nje akikosea, maana ukiwatoa wanaokosea unawatoa wale wale wanaohitaji kucheza. Na ile tabia ya kumkimbisha mtoto kuzunguka uwanja kwa kuchelewa au kupiga kelele, tunawafundisha kwamba kukimbia ni adhabu halafu wakifika utu uzima tunashangaa hawataki mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kiasi cha kuhema. Sasa kwa mtoto anayekaa darasani asubuhi, tuisheni jioni, na simu usiku, hicho kipindi cha michezo kinaweza kuwa ndio dakika zake zote, na ndizo tunataka kuzikata.

Nilirudi shule wiki iliyopita, nikawaomba wasimtoe, badala yake hayo maswali ya ziada ayafanye baada ya kucheza sio badala ya kucheza. Mwalimu wa darasa alisita kidogo ila akakubali tujaribu kwa muhula mmoja. Mwalimu wa michezo ni kijana, alinyamaza muda mrefu halafu akaniambia mama hilo la viatu nisamehe, nilidhani namsaidia asichekwe. Nilimuelewa. Nyumbani tunaruka kamba mimi na mwanangu kabla hajafungua madaftari, mwanzo alikuwa anaruka mara nne anakaa chini, sasa anafika thelathini mimi ndio nakaa chini kwanza. Hesabu bado, jaribio lililopita hakufika nusu, na siwezi kudanganya kwamba kuna miujiza imetokea ndani ya siku chache. Ila juzi kipindi cha michezo kilipoisha alirudi nyumbani shati limelowa, na viatu vilivyojaa vumbi vilikuwa vyake.

Mzazi, msomaji wenu wa siku nyingi