Mgonjwa wa presha apangiwe, asihubiriwe

Mhariri,

Mgonjwa wa presha akiambiwa tu "punguza chumvi, fanya mazoezi", anaondoka kliniki bila mpango wowote. Wahudumu wa afya hapa Nairobi, muulizeni kwanza yuko tayari kubadilisha nini. Lengo liwe dogo, lenye siku na saa: kushuka matatu steji moja kabla ya kazini, Jumatatu hadi Ijumaa, na kutembea dakika 15. Kisha aseme ana uhakika kiasi gani wa kulitimiza, 0 (hana kabisa) hadi 10 (anao kamili). Akisema 5, msimsukume, maana hapo ndipo mipango huvunjika. Lipunguzeni lengo hadi afike 7. Mpigieni simu baada ya wiki. Kama ameshindwa, tafuteni kilichomzuia (mvua, giza, viatu) mrekebishe mpango bila kumkaripia. Dawa asiache.

Mkufunzi wa afya,
Nairobi