Barua kwa mwanangu anayetaka kuchunguza kinga ya mwili na maradhi ya figo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama uombe nafasi ya uzamivu katika elimu ya kinga ya mwili, upande wa maradhi ya figo, na unataka shangazi yako nikueleze kwa ukweli miaka yangu ishirini na miwili katika kazi hii imekuwaje. Nakujibu kwa barua ya wazi kwa kuwa wapo vijana wengine wanaoniuliza swali hilohilo, na kwa kuwa jibu la mstari mmoja kwenye simu lingekudhulumu.

Nianze na figo yenyewe. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini, hata kinachotoka kama mkojo huwa ni lita moja na nusu hivi. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo viitwavyo glomeruli, vinavyokaribia milioni moja katika kila figo, na kila kimoja ni fundo la vimishipa vyembamba sana vya damu. Damu ya mwili mzima hupita humo kwa shinikizo, na kila kilichomo ndani yake hupita nayo, zikiwemo kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kunasa adui, zilizopotoka. Ndiyo maana mara nyingi kinga inapokosea, figo huumia hata pale ambapo siyo iliyolengwa. Mgonjwa huanza kwa kuona povu kwenye mkojo au kuvimba miguu. Wengine hawahisi lolote mpaka figo zimekwisha kuharibika.

Siku niliyoamua kubaki katika uwanja huu naikumbuka vizuri. Taa za chumba zilizimwa, mwalimu wangu akanisogezea kiti mbele ya hadubini. Kipande cha figo ya mgonjwa, chembamba kuliko unywele, kilikuwa kimepakwa kingamwili ya maabara inayonasa kingamwili za mgonjwa, iliyofungwa na rangi inayong'aa, kwa mbinu aliyoiasisi Albert Coons katika miaka ya 1940. Nikaona kijani kwenye giza: punje ndogondogo zimejipanga kandokando ya kuta za vimishipa, moja baada ya nyingine. Mwalimu akabadilisha kioo. Safari hii ulikuwa mstari mwembamba, laini, usiokatika popote. Akaniuliza tofauti ni nini, nami sikujua. Punje, alinieleza, ni kingamwili na antijeni, yaani vitu zinavyovinasa, vilivyokusanyika pamoja mahali pale. Mstari ni kingamwili inayoushambulia utando wa kichujio wenyewe kwa urefu wake wote. Kwa mbinu hiyohiyo Jean Berger na Nicole Hinglais, mwaka 1968 mjini Paris, waliutambulisha ugonjwa wa figo unaotokana na kingamwili aina ya IgA, ambao hadi leo ni miongoni mwa maradhi ya glomeruli yanayoonekana zaidi duniani.

Lakini kuona kingamwili imetua wapi hakutoshi. Swali lililonishika tangu siku ile ni hili: inalenga nini? Nikueleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndani yake imo karibu kazi yetu nzima.

Upo ugonjwa uitwao nefropathi ya utando, ambao kuta za vichujio hunenepa kwa kujaa punje kama zile nilizoziona, na protini humwagika kwenye mkojo. Mwaka 1959 Walter Heymann na wenzake walionyesha kwamba panya waliodungwa dondoo la figo hupata ugonjwa unaofanana nao mno. Watafiti wakashangilia, na walikuwa na haki. Mwaka 1982 Dontscho Kerjaschki na Marilyn Farquhar waliibainisha protini inayolengwa katika panya hao, ile iliyokuja kuitwa megalini. Tatizo ni kwamba kwa binadamu protini hiyo haipo kwenye podositi, yaani seli zinazofunika kichujio kwa nje, kwa hiyo haikuweza kuwa jibu kwa wagonjwa wetu. Panya hakudanganya, alijibu swali la panya.

Dalili ya kwanza ya kuaminika kwa binadamu ilitoka kwa mtoto mchanga. Mwaka 2002 Hanna Debiec, Pierre Ronco na wenzao nchini Ufaransa walieleza habari za mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huu kwa sababu mama yake hakuwa na protini fulani ambayo mtoto alikuwa nayo. Kinga ya mama iliiona protini hiyo kuwa ngeni, ikatengeneza kingamwili, nazo zikavuka kondo la nyuma na kutua kwenye figo za mtoto. Hapo ikathibitika kwamba podositi ya binadamu inaweza kulengwa moja kwa moja. Kisha mwaka 2009 Laurence Beck, David Salant na wenzao waliichukua seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, ya wagonjwa watu wazima, wakaijaribu juu ya protini zilizotolewa kwenye glomeruli za binadamu, na wagonjwa 26 kati ya 37 wakaonekana kuwa na kingamwili dhidi ya protini moja, kipokezi kiitwacho PLA2R.

Sasa sikiliza jambo ambalo huwa nalirudia kwa kila mwanafunzi wangu. Katika maabara nyingi, kabla ya kuzitenganisha protini kwenye jeli, ni mazoea kuongeza kemikali inayovunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia protini katika umbo lake. Kingamwili za wagonjwa hawa huitambua PLA2R pale tu umbo hilo linapokuwa halijavunjwa. Aliyefuata mazoea aliliharibu jibu kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuanza kulitafuta. Timu ile iliiacha kemikali hiyo, na alama ikatokea. Leo kipimo cha damu cha kingamwili hizo huwaepusha wagonjwa wengi na sindano ya kuchukua kinofu cha figo, na daktari huona kingamwili zikipungua kabla hata protini haijapungua kwenye mkojo.

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganyika vibaya. Mwaka wa tatu wa uzamivu wangu, kingamwili niliyoitumia ilionyesha protini niliyokuwa nikiitafuta katika kila figo ya panya mgonjwa. Nilijenga juu yake kwa miezi kumi na minne. Kisha mwenzangu mmoja akaniomba niipake kwenye figo ya panya aliyezaliwa bila jeni ya protini ile. Kijani kilikuwa palepale. Kingamwili yangu ilikuwa inanasa kitu kingine kabisa, na sura mbili za tasnifu zikaondoka jioni ile. Niliumia sana, lakini mwenzangu yule namshukuru mpaka leo, na tangu hapo hakuna sampuli inayopita mikononi mwangu bila kupimwa sambamba na ile isiyopaswa kuonyesha kitu.

Kuhusu maisha ya kawaida ya kazi nitasema machache. Mikataba ni mifupi, maombi ya ruzuku hukataliwa mara nyingi kuliko yanavyokubaliwa, na wahakiki wa majarida hawatakuonea huruma. Msimamizi mwema ana thamani kuliko maabara yenye jina kubwa. Waulize wanafunzi wake wa zamani, hasa wale walioondoka kabla ya kumaliza. Jifunze pia kuzisoma sampuli za figo pamoja na wataalamu wa patholojia hata kama hakuna anayekulazimisha, kwa sababu nimewaona wanakinga hodari, wanaojua kila molekuli, wasioweza kuonyesha podositi iko wapi.

Kabla hujajaza fomu yoyote, omba ruhusa ukakae siku moja katika chumba cha kusafishia damu. Mgonjwa hulazwa pale kwa muda wa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, mirija miwili mkononi, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa ni nini hasa kilichoziua figo zao. Zungumza nao wakikubali. Ukitoka, niandikie swali lako la utafiti kwa sentensi moja, na chini yake unitajie kipimo ambacho kingekuonyesha kwamba umekosea. Hivyo viwili vikinifikia, tutaanza kuandika maombi yako pamoja.

Akupendaye,
Shangazi yako