Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuvaa gwanda na kushika tarumbeta

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti umenifikia, na hiyo solo uliyoibandika mwishoni nimeirudia kwa sababu ni tamu kweli. Una sikio kali na vidole vyepesi, hilo halina ubishi. Sasa swali lako, "Wakinisikia hivi, si watanichukua moja kwa moja?", nimeona nilijibu hadharani, maana hauko peke yako. Vijana wengi wanaojua kupuliza wanaiona bendi ya jeshi ikipita, mistari imenyooka, shaba inameta, wanajiambia: pale muziki upo na mshahara upo. Vyote vipo, sikatai. Ila kinachotafutwa pale sicho hicho unachojivunia.

Wewe umezoea kusikika. Bendi ya jeshi inataka mtu anayepiga vizuri na asisikike.

Ukishafuzu, usitarajie kupewa sauti ya kwanza. Utakabidhiwa karatasi ya tarumbeta ya tatu, ile ya kusindikiza. Utaifungua, ukute nota moja ndefu, kisha kimya cha mapigo kadhaa, kisha nota ileile tena, halafu mstari mzima wa kuijibu ngoma kubwa: yenyewe inasema "tu", wewe unasema "pa". Utacheka. Utasema hii hata mtoto anapiga. Kumbe mara nyingi nota hiyo ndiyo iliyokaa katikati ya sauti tatu zinazolia pamoja, na ndiyo inayoamua kama wimbo unafurahi au unahuzunika. Ukiipandisha kidogo tu, bendi nzima itasikika chafu, na msikilizaji hatajua aliyeichafua ni nani. Ukiikalisha panapotakiwa, hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo. Mkufunzi peke yake ndiye atakayejua, na yeye hana desturi ya kusifu. Atakupita aende kumsumbua mwenzako, nawe ujue siku hiyo umefaulu.

Halafu kuna suala la majina ya nota, ambalo litakuhangaisha wewe uliyejifunza kwa kuokota nyimbo. Mkuu wa bendi akiomba B-flati ya kupatanisha vyombo, mwenye filimbi anapiga B-flati, nyinyi wa tarumbeta na wale wa klarineti mnasoma C, mwenye saksafoni ya alto anasoma G, mwenye honi, ile shaba iliyojiviringa, anasoma F, na inayotoka ni sauti moja. Si mazingaombwe. Vyombo hivi vimetengenezwa kama familia, kila ukoo na mdogo hadi mkubwa wake, ili vidole vibaki vilevile unapohama kutoka kimoja kwenda kingine cha ukoo huohuo. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefungua karakana yake Paris, ndiye aliyeifanyia kazi sana fikra hiyo. Vyombo vyake viliingia kwenye bendi za jeshi la Ufaransa mwaka 1845, na hataza ya saksafoni, yaani haki ya uvumbuzi wake, akaipata 1846. Kwa jeshi faida yake iko wazi: mpigaji mmoja akiugua, mwingine anahamishwa chombo na kazi inaendelea. Hata hapo, kama unavyoona, hesabu ni ya nafasi, si ya mtu.

Usidhani huko kutaka wote wafanane ni ukali wa bure. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea dhidi ya Urusi, majeshi ya Uingereza yalifanya gwaride huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba bendi za vikosi zilipoanza kupiga wimbo wa taifa kwa pamoja, kila moja ilikuwa na mpangilio wake na ufunguo wake wa sauti, ikawa vurugu tupu mbele ya wageni. Enzi hizo kila kikosi kilijitafutia vyombo na mwongozaji wake. Miaka mitatu baadaye, 1857, ikafunguliwa shule ya muziki ya jeshi pale Kneller Hall, nje kidogo ya London, ili wote wafundishwe kitu kimoja. Sina shaka katika bendi zile za Scutari walikuwemo wapigaji hodari, kila mmoja na utamu wake.

Lakini kabla ya yote hayo utakuwa kuruta kama kuruta wengine. Wapo wanaodhani muziki ni mlango wa uani wa kuingilia jeshini bila jasho. Utakimbia, utapiga kwata, utashika silaha, utaamshwa usingizi ukiwa ndiyo kwanza umekolea. Tarumbeta utaiona kwa mbali, pengine usiione kabisa mpaka umalize mafunzo ya awali. Hili niliseme kwa urefu kidogo kwa sababu halisemwi: midomo ni misuli, na misuli isiyofanya kazi hulegea. Siku utakaporudishiwa chombo, ile sauti ya juu unayoichezea leo haitatoka. Utapata kishawishi cha kuikandamiza tarumbeta mdomoni ili uilazimishe. Usithubutu. Ukikandamiza unaziba damu, mdomo unakufa ganzi, na unaweza kuujeruhi ukakaa nje ya mstari wakati wenzako wanasonga. Anza na nota ndefu za chini, uzipige kwa utulivu, na upumzike muda uleule uliopuliza. Mwenzako wa kulia atakuwa anarusha mbwembwe ili mkufunzi amsikie. Mwache.

Na mjomba akirudia ile kauli yake kwamba wapiga tarumbeta si askari, mwambie kwa adabu zote kwamba kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanabendi wengi wa jeshi la Uingereza waliweka vyombo chini wakabeba machela, wakifuata majeruhi huko huko risasi zilikokuwa zinalia. Mafunzo ya huduma ya kwanza utakayopewa si ya kujaza ratiba.

Sasa tuje kwenye kupiga huku unatembea, maana hapo ndipo utakaposhangaa mwili wako wenyewe. Ukikanyaga kisigino kwa kishindo, mtikisiko unapanda mgongoni mpaka kwenye meno, chuma kinakugonga mdomo, na nota ndefu inatoka imekatikakatika. Kwa hiyo utafundishwa kutembea upya: kisigino kinatangulia taratibu, unyayo unashuka wote mpaka vidoleni, magoti laini, na kuanzia kiunoni kwenda juu umetulia kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa maji. Jicho moja linasoma kadi iliyobanwa kwenye chombo, jingine liko kwenye fimbo ya dramu meja, yule anayeiongoza bendi akiwa mbele, na kwa pembeni unalinda mstari wako bila kugeuza shingo. Pumzi nayo haisubiri hatua. Unavuta pale ambapo muziki unaruhusu, hata kama mguu unataka vingine.

Umewahi kujiuliza kwa nini tromboni huwekwa safu ya mbele kabisa? Kwa sababu mkono wa tromboni unasukumwa mbele mbali, na aliye mbele yake angechomwa mgongoni. Yale maumbo ya gwaride yanayokupendeza ukiwa jukwaani, mengi yamezaliwa na mambo ya namna hiyo.

Mwendo wa haraka wa majeshi mengi ni hatua 120 kwa dakika au karibu na hapo, yaani hatua mbili kila sekunde. Wapo wenye mwendo wao: Jeshi la Kigeni la Ufaransa hutembea hatua 88, ndiyo maana kwenye gwaride la tarehe 14 Julai mjini Paris huwekwa mwishoni mwa waendao kwa miguu. Sasa piga hesabu hii. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Askari aliye mita 85 nyuma ya ngoma kubwa anausikia mdundo umechelewa robo sekunde, na kwa mwendo wa 120 robo sekunde ni nusu hatua. Akifuata anachokisikia, mguu wake utakuwa hewani wakati wa mbele wako chini. Hata ndani ya bendi, iliyosambaa uwanjani kwa safu na mistari, aliye mbele na aliye nyuma hawasikii kitu kimoja kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kuliamini jicho kuliko sikio: fimbo inaposhuka ndipo pigo lilipo, hata kama masikio yako yanaapa kwamba bado. Wewe mwenye sikio kali, hapo ndipo utakapoteseka kuliko yule asiyejua kitu. Yeye atatii tu. Wewe utataka kubishana.

Kuhusu kusimama sina mengi. Ni kazi kuliko kutembea. Usikakamaze magoti; chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, vinyayo vifanye kazi, damu ipande. Ukiona macho yanaingia giza, piga goti chini kabla hujaanguka. Aibu ya goti ni ndogo kuliko kuangukia tarumbeta kwa meno.

Kuna siku moja tu ambapo bendi itakutaka usikike peke yako, na si ya sherehe. Ni mazishi. Mpigaji mmoja anasimama kando ya wengine, mara nyingi na baragumu, chombo kisicho na vali hata moja. Sauti zote zinatoka mdomoni na kwenye pumzi. Hakuna kidole cha kukusaidia. Mwito wa mazishi wa Wamarekani, uliopata sura yake mwaka 1862 katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, una nota 24 tu, zilizojengwa kwa sauti nne. Nota 24, polepole, hata wewe leo ungezipiga umekaa kitandani. Tarehe 25 Novemba 1963, kwenye makaburi ya Arlington, Sajenti Keith Clark aliupiga kwenye mazishi ya Rais Kennedy, dunia ikitazama. Alikuwa mpigaji wa daraja la juu katika bendi ya jeshi la nchi kavu. Alikuwa amesimama kwenye baridi kwa muda mrefu, midomo haikupata nafasi ya kupashwa moto, na bunduki za heshima zilikuwa zimetoka kulia karibu naye. Nota ya sita ikavunjika. Alimaliza mwito hadi mwisho kama kawaida. Wasikilizaji wengi walidhani amekusudia, wakaisikia ile nota kama kwikwi ya mtu anayelia.

Kisa hiki wakufunzi hupenda kukitumia kuwatisha vijana. Mimi nakitazama upande mwingine: nota ya saba ilitoka safi. Ndiyo iliyofundishwa, hiyo ya saba. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi akivunja nota anataka aanze upya, au anatazama waliomsikia. Clark aliendelea kwa mwendo uleule.

Na utajifunza kutolia. Sisemi usiwe na huzuni. Koo la mtu anayezuia kilio hujifunga, na koo likijifunga pumzi haipiti, na pumzi isipopita familia ya marehemu haitausikia wimbo waliouomba. Kwa hiyo kuna watu unawazika bila kuwalilia pale pale, unakuja kuwalilia baadaye, bwenini, unafuta chombo. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo, ndiyo maana nakuandikia.

Masikio: nunua vizibo, vivae hata ukichekwa. Pikolo, ile filimbi ndogo yenye sauti kali, ikiwa nyuma ya kichwa chako na ngoma ndogo ubavuni kwako, kwa miaka, kinachopotea hakirudi. Wakubwa wetu wengi wanaongea kwa sauti ya juu na hawajui kwa nini.

Basi je, uje? Kama unachokipenda ni ile dakika ambayo watu wanageuza shingo kukutazama, baki huko uliko; unafanya vizuri na hakuna ubaya wowote. Lakini juzi uliniambia kitu kwa kupitiapitia, kwamba kwenye ule wimbo wenu wa mwisho ulishusha sauti ili mwimbaji wenu mdogo asizame. Mimi solo yako naipenda, ila kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike barua ndefu namna hii.

Kwenye usaili kwa kawaida watataka ngazi za sauti, kipande ulichokiandaa, kusoma nota papo kwa papo, na kurudia kwa mdomo au kwa chombo walichokupigia. La mwisho utawashangaza. La tatu litakuangusha usipoanza leo. Tafuta karatasi za sauti ya tatu, za wimbo wowote, usome mstari mmoja kila siku bila kuusikia kwanza kwenye simu. Unaposoma usisimame ukikosea. Ruka, kamata pigo linalofuata.

Na usinitumie solo tena kwa sasa. Nirekodie ngazi ya B-flati, metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa 60 kwa dakika, kwenda juu na kurudi, sauti ndogo, nisikie unapumulia wapi. Ujumbe ukiwa na mwangwi wa chumba usijali. Msalimie mama, mwambie simu yake nitampigia Jumapili baada ya gwaride.

Kaka yako